Umeme ukikatika, ATM huzimika kwa sababu zaidi ya moja

Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1, 2024, sehemu kubwa ya nchi iliamka bila umeme baada ya hitilafu katika gridi ya taifa. Ilikuwa sikukuu, na matawi ya benki yalikuwa yamefungwa. Kwa mfanyabiashara mwenye mzigo wa kulipia siku hiyo, milango ya kupata fedha taslimu ilikuwa miwili tu: mashine ya ATM na wakala wa simu.

Siku za kazi mteja akikuta mashine imezima huingia ndani na kupanga foleni dirishani. Usiku, Jumapili na sikukuu hana pa kwenda. Dereva wa lori na wapakiaji hawalipwi kwa kuonyeshwa salio la benki.

Wengi hudhani dawa ni jenereta. Lakini ATM hutegemea mambo manne kwa wakati mmoja: umeme wake yenyewe, mawasiliano, kompyuta kuu ya benki, na noti zilizomo ndani. Moja likikosekana, matatu yaliyobaki hayamsaidii mteja.

Hesabu ya betri

Kati ya umeme kukatika na jenereta kuwaka hupita sekunde kadhaa, na pengine dakika. Pengo hilo huzibwa na betri za akiba. Zikiwa mbovu mashine huzima, na kwa kuwa ndani yake mna kompyuta, huchukua dakika kadhaa kuwaka upya. Ikizima katikati ya kazi, mteja anaweza kukuta akaunti imekatwa na noti hazikutoka.

Chukua mfano wa betri 4 za volti 12, kila moja ampea 100 kwa saa. Kwa jumla zimebeba wati-saa 4,800. Betri za asidi huharibika upesi zikimalizwa kabisa, hivyo zihesabiwe nusu tu, yaani wati-saa 2,400. Mashine, modemu na taa zikila wati 300, betri hizo zitadumu saa 8, pungufu kidogo kwa umeme unaopotea kwenye inveta. Ukiongeza kiyoyozi cha wati 1,000, saa hizo 8 zinashuka chini ya 2.

Kwa maneno mengine, kinachokula akiba mara nyingi si mashine bali ubaridi wa chumba chake. Ndiyo sababu kampuni ya Vortex Engineering ya Chennai, India, ikishirikiana na chuo cha IIT Madras, ilibuni ATM ya vijijini isiyohitaji kiyoyozi, inayotumia umeme mdogo kiasi cha kuendeshwa kwa jua.

Joto nalo lina bei yake. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi nyuzi 25 hupunguza maisha ya betri ya asidi kwa nusu. Betri ya miaka 5 ikifungiwa kwenye kibanda chenye nyuzi 35 isitarajiwe kuzidi miaka miwili na nusu. Benki isiyopima betri zake hugundua ubovu siku ile ile umeme unapokatika.

Mawasiliano na noti

ATM haitoi fedha kabla ya kuuliza kompyuta kuu ya benki kama salio lipo. Nyingi huuliza kupitia mtandao wa simu. Minara ya simu nayo ina betri na jenereta zake, na umeme ukikosekana muda mrefu baadhi huzimika. Hapo mteja hukuta mashine inawaka taa zote lakini haina huduma. Njia ya pili ya mawasiliano, kama vile setilaiti au laini ya kampuni nyingine ya simu, ni muhimu sawa na dizeli.

Kisha kuna noti. Kaseti moja ya mashine huchukua noti 2,000 hivi. Mashine yenye kaseti 4 zilizojaa noti za Sh 10,000, ambayo ndiyo noti kubwa nchini, ina Sh milioni 80. Kila mteja akitoa Sh 200,000, fedha hizo ni za wateja 400 tu. Mashine za jirani zikizima, foleni yote huhamia kwenye iliyo hai, na gari la fedha lisipofika mapema, nayo humalizika.

Nani analipa?

Unguja ilikaa takriban miezi 3, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, bila umeme kutokana na hitilafu katika njia inayopita chini ya bahari kutoka Bara. Hakuna betri inayofika huko. Jenereta ndogo ikinywa lita 1 kwa saa, siku 90 mfululizo ni lita 2,160 za mafuta kwa mashine moja, bila kuhesabu matengenezo wala mlinzi wa kuzuia mafuta yasiibwe.

Gharama hiyo huingia katika matumizi ya benki na hatimaye kugusa gawio. Hisa za NMB ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008 na za CRDB mwaka 2009, kwa hiyo wenye hisa za benki sasa ni pamoja na wananchi wa kawaida. Swali la kuuliza kwenye mkutano mkuu wa mwaka si idadi ya mashine ambazo benki inazo. Ni saa ngapi kwa mwezi mashine hizo zilikuwa zikitoa fedha, na betri zilipimwa lini. Mashine isiyofanya kazi inalipiwa pango na ulinzi bila kuingiza ada.

Kwa mfanyabiashara, tahadhari ni chache na rahisi. Malipo ya sikukuu yatolewe siku mbili kabla. Ni vyema kuwa na kadi za benki mbili na kuzijua mashine zenye jenereta. Wakala wa simu ni msaada, lakini naye hutegemea mnara na fedha alizonazo mkononi. Akaunti ikikatwa bila noti kutoka, andika saa, mahali na kiasi, kisha toa taarifa kwa benki iliyotoa kadi yako, hata kama mashine ni ya benki nyingine.

Zaidi ya yote, fedha taslimu za kuendeshea biashara kwa siku mbili au tatu ziwe mahali salama. Hispania na Ureno zilipokosa umeme Aprili 28, 2025, kadi ziligoma katika maduka mengi, na aliyekuwa na noti mfukoni ndiye aliyenunua. Akiba haiozi.