Siwa: Jangwani Maji Yalipozidi

Kufika oasisi ya Siwa peke yako si kazi ngumu. Basi hutoka Marsa Matruh, mji wa pwani ya Mediterania, na kukata jangwa la Misri kwa takriban kilomita 300 kuelekea kusini magharibi. Dirishani hakuna cha kutazama ila changarawe. Kisha ardhi inaporomoka ghafla, na huko bondeni mitende imetanda pembeni mwa maziwa.

Hatari huanza pale msafiri anapotaka kuiacha lami. Hewa ya jangwani ni kavu mno, hivyo jasho hukauka kabla halijalowesha shati. Unagusa mgongo, mkavu. Labda utaona tu michirizi myeupe ya chumvi kwenye ukosi. Mtu anayetembea juani anaweza kupoteza lita nzima kwa saa, na kiu huchelewa kumshtua. Asiye na mwenzake hana hata wa kumwambia kwamba maneno yameanza kumtatiza. Kuingia Bahari Kuu ya Mchanga, kusini mwa Siwa, huhitaji kibali na dereva mwenyeji. Wageni hulalamika, lakini mimi naona masharti hayo ni ya haki kabisa.

Na maji yanatoka wapi, ilhali mvua ni ya nadra? Wengi hudhani kuna mto unaopita chini kwa chini. Hakuna. Siwa iko takriban mita 18 chini ya usawa wa bahari, karibu na maji yaliyojificha miambani. Chini zaidi kuna mawe ya mchanga ya Nubia, yanayoenea chini ya Misri, Libya, Sudan na Chad, yakiwa yamelowa mvua za zama ambazo Sahara ilikuwa na majani. Maji hayo yamebanwa, kwa hiyo yakipata ufa au kisima hupanda yenyewe. Vipimo katika oasisi nyingine za jangwa hilohilo vimeonyesha maji yenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka.

Ajabu ni kwamba Siwa haisumbuliwi na ukame, bali na maji yasiyo na pa kwenda. Bonde ni kama beseni lisilo na tundu: yanayobaki mashambani huishia maziwani, jua huyakausha, chumvi hubaki. Karne iliyopita ilipoelekea ukingoni, visima vilichimbwa kwa wingi, vingine bila koki, vikamwaga usiku na mchana. Maziwa yakapanuka, na maji ya ardhini yakapanda hadi mizizini. Mtende huvumilia chumvi kuliko mimea mingi, ila mizizi yake inahitaji hewa.

Chumvi hiyohiyo ndiyo iliyojenga Shali, ngome ya kale ya katikati ya mji. Kuta zake ni za karshif, madonge ya chumvi na udongo. Mwaka 1926 mvua ilinyesha siku tatu, kuta zikayeyuka, na watu wakahamia chini.

Ukienda, utataka kuelea katika mashimo ya maji ya buluu yaliyoachwa na wachimba chumvi. Elea chali, na usinyoe ndevu asubuhi hiyo, maana chumvi huchoma. Baadaye jisuuze kwenye chemchemi iitwayo ya Cleopatra, ingawa hakuna ushahidi kwamba malkia huyo aliwahi kuoga hapo.