Je, Wajua? Upondo wa Futi 10

Katika orodha ya vifaa vya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, umo upondo wa futi 10. Si pambo. Vijitabu 3 vya mwanzo vya mchezo huo havikuwa na kanuni ya kutegua mitego iliyofichwa njiani, hivyo mchezaji alimuuliza msimamizi wa mchezo, akagongagonga sakafu kwa upondo wake, kisha akaamua mwenyewe. Utamu wa michezo ya kikale kama huu ni huo hasa: werevu wako, si alama za mhusika wako kwenye karatasi. Wapo wanaolalamika kwamba mhusika mchawi anayeanza hufa kwa pigo moja. Ni kweli, pointi zake za uhai hutokana na kurusha dadu moja tu. Lakini bila hatari hiyo, nani angejisumbua kupapasa sakafu?