Pumu Inadhibitika: Usisubiri Hadi Usiku wa Manane

Kiangazi kinapoingia mkoani Kigoma, kuanzia mwezi wa Mei hivi, mvua hukatika na barabara za kambi hugeuka vumbi. Jioni upepo hulipeleka vumbi hilo hadi vitandani. Baridi ya alfajiri huwafanya watu wafunge milango na kuota moto ndani, na kuni zikiwa mbichi nyumba nzima hujaa moshi. Kwa wengi hiyo ni kero ya kawaida. Kwa mwenye pumu huo ni msimu wa hatari.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu duniani, na watu 455,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Vifo vingi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako wagonjwa wengi hawajapimwa au hawapati dawa inavyotakiwa. Ni vifo ambavyo vingi vingeweza kuzuilika.

Pumu ni nini?

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa zilizo ndani ya mapafu. Njia hizo huwa na uvimbe wa muda mrefu, hata siku ambazo mgonjwa anajisikia mzima. Zikiguswa na moshi, vumbi, baridi au mafua, misuli yake hubana, makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki, na hewa hupita kwa shida. Ndipo mgonjwa anapokohoa, kifua kinabana na sauti ya filimbi inasikika anapotoa pumzi. Mara nyingi hali huwa mbaya zaidi usiku na alfajiri.

Pumu haiambukizi. Kula sahani moja au kulala chumba kimoja na mgonjwa hakukupi pumu. Lakini si kila kikohozi ni pumu. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, ukatoka jasho usiku au kupungua uzito, nenda upimwe makohozi, kwa maana hizo zinaweza kuwa dalili za kifua kikuu.

Dawa mbili, kazi mbili

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapokosea. Dawa ya kwanza ni ya kufungua kifua, kama salbutamoli. Inhela yake mara nyingi ni ya rangi ya bluu. Hulegeza misuli iliyobana, na nafuu huja ndani ya dakika chache, lakini haiondoi uvimbe. Dawa ya pili ni ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonidi. Hiyo hupunguza uvimbe polepole, kwa siku na wiki, na hutumiwa kama daktari alivyoagiza hata kama huumwi. Rangi za inhela hutofautiana kwa viwanda, kwa hiyo soma jina la dawa, usitegemee rangi.

Kwa kuwa dawa ya kwanza huleta nafuu haraka, wengi huipenda na kuiacha ya pili. Matokeo yake uvimbe huendelea kimyakimya mpaka siku salbutamoli inaposhindwa kufungua kifua. Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 wataalamu wanaotoa mwongozo wa pumu duniani, GINA, waliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa ya kufungua kifua peke yake. Kama umekuwa ukipewa salbutamoli tu kwa miezi mingi, muulize mhudumu kliniki: “Je, mimi nahitaji dawa ya kuzuia?” Ni haki yako kuuliza.

Jipime kwa maswali manne

Fikiria wiki nne zilizopita, kisha jibu ndiyo au hapana:

1. Je, ulipata dalili za pumu mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki?
2. Je, uliwahi kuamshwa usiku na pumu?
3. Je, ulitumia dawa ya kufungua kifua zaidi ya mara mbili kwa wiki?
4. Je, pumu ilikuzuia kufanya kazi, kuchota maji, kwenda shule au kucheza?

Kama majibu yote ni hapana, pumu yako imedhibitiwa. Ndiyo moja au mbili maana yake imedhibitiwa nusu tu. Ndiyo tatu au nne maana yake haijadhibitiwa. Ukiwa na ndiyo hata moja, usingoje tarehe ya kliniki ijayo.

Inhela ifike mapafuni

Dawa inayoishia mdomoni haisaidii. Tikisa inhela, toa pumzi yote, ibane kwa midomo, kisha bonyeza huku ukivuta hewa polepole na kwa kina. Shikilia pumzi kwa sekunde 10. Baada ya dawa ya kuzuia, sukutua kinywa na uteme maji, ili usipate utando mweupe mdomoni.

Watoto, wazee na mtu aliyebanwa hushindwa kufuata hatua hizo. Wao wanahitaji chombo cha katikati kinachoishika dawa kabla haijavutwa. Kama kituo hakina, chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inafaa. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya namna hiyo, ikitengenezwa vizuri, iliwasaidia watoto waliobanwa sawa na chombo cha kiwandani. Osha chupa na uiache ikauke. Toboa kitako chake kwa waya wa moto, tundu lilingane na mdomo wa inhela. Chomeka inhela na uzibe pembeni kwa gundi au utepe ili hewa isitoke. Mgonjwa huvuta kupitia mdomo wa chupa. Mtoto mdogo asiyeweza kubana chupa kwa midomo anahitaji kifuniko cha uso, kwa hiyo mpeleke kituoni. Mwombe mhudumu aikague chupa yako kabla ya kuitumia.

Inhela nyingi za salbutamoli zina mipulizo 200. Hesabu mipulizo yako ili usiishiwe usiku. Inhela usiiweke karibu na moto wala juani.

Nyumbani

Pika nje au mahali penye upepo kila inapowezekana. Anika kuni zikauke kabisa, na tumia jiko banifu kama unalo. Mwenye pumu asikae karibu na moto, na mtu yeyote asivute sigara ndani ya nyumba. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Anika blanketi na mikeka juani. Unapokwenda duka la dawa au kliniki, sema kuwa una pumu: baadhi ya dawa, kama propranololi, aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, zinaweza kuwabana baadhi ya wagonjwa.

Maneno ya mitaani

“Inhela ni ya wanaokaribia kufa, ukiizoea huachi.” Si kweli. Inhela haileti ulevi, na dozi yake ni ndogo kwa sababu inakwenda moja kwa moja mapafuni.

“Vidonge vya sokoni ni bora.” Prednisoloni huokoa maisha katika shambulio kali, kwa siku chache na kwa maelekezo ya daktari. Kuimeza kiholela kwa miezi hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari na shinikizo la damu.

“Mjamzito aache dawa.” Hapana. Mama akikosa hewa, mtoto tumboni naye anakosa.

“Mtoto mwenye pumu asicheze.” Haile Gebrselassie wa Ethiopia ana pumu, na mwaka 2008 aliweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin. Pumu ikidhibitiwa, mtoto acheze.

Shambulio likija

Mketishe mgonjwa wima, usimlaze. Mpe mipulizo 4 ya salbutamoli, mmoja mmoja, kila mpulizo avute pumzi 4 kupitia chupa. Subiri dakika 4. Asipopata nafuu, rudia huku mkianza safari ya kituo cha afya.

Nendeni mara moja, hata kama ni usiku, mkiona hata dalili moja kati ya hizi: hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, midomo au kucha zinageuka kijivu au bluu, anasinzia au amechanganyikiwa, sauti ya filimbi imenyamaza lakini bado anahangaika kupumua. Kifua kilichonyamaza namna hiyo si nafuu. Maana yake hewa haipiti tena.

Panga mapema: nani atakusindikiza, mtapita njia ipi, nani atabaki na watoto. Mweleze jirani na mwalimu wa mtoto inhela inakaa wapi. Ukisafiri, ukihamishwa au ukirudi nyumbani, beba dawa na kadi ya kliniki mkononi, si kwenye mizigo ya lori, na uombe dawa za kutosha kabla ya siku ya safari.

Kama una pumu, au mtoto wako hukohoa kila usiku, zungumza wiki hii na mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chako kambini. Ukienda kliniki, beba inhela yako na umwonyeshe muuguzi jinsi unavyoitumia.