Gari Linalokuwa Zito Asubuhi

Katika miji ya nyanda za juu kama Kabale, ulioko kusini-magharibi mwa Uganda kwenye kimo cha meta 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, alfajiri huja na ukungu na baridi. Huo ndio wakati ambapo wenye magari wengi hulalamika kwamba gari linawaka lakini halitaki kwenda. Dereva akikanyaga mafuta, injini inakohoa na kusita. Na kilima kinachopandwa mchana kwa gia ya tatu hudai gia ya kwanza.

Jambo hili si la kudharauliwa. Mama wa kambini aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya mapambazuko hawezi kungojea injini ipate joto. Tena fedha za matumizi ya nyumbani hupotea bure kwa kununua plagi, pampu na kabureta kabla ya ugonjwa wenyewe kujulikana. Dalili ya mvua ni mawingu. Injini baridi nayo ina mawingu yake, na mwenye kuyasoma kwa utaratibu hununua kipuri kimoja badala ya vitano.

Sababu ya uzito

Petroli haiungui ikiwa majimaji. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa na joto, kipimo cha kawaida ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Ikiwa baridi, sehemu ya petroli hushikamana na kuta za njia ya hewa bila kugeuka mvuke, hivyo injini huhitaji mafuta zaidi. Katika gari la kabureta, kazi hiyo hufanywa na choki. Katika magari ya nozeli zinazoongozwa kwa umeme, hufanywa na kompyuta, nayo hupashwa habari na kihisio cha joto la maji. Choki ikikwama, au kihisio kikidanganya, injini hunyimwa haki yake.

Injini isisingiziwe

Kabla ya kufungua boneti, gari lisukumwe kwa mkono mahali tambarare, gia ikiwa huru na breki ya mkono ikiwa imeachiliwa, huku dereva akiwa tayari kwenye usukani. Lisipokwenda kwa urahisi, huenda breki zimeng'ang'ania kwa kutu au unyevu wa usiku. Pia, magari mengi ya gia za kujibadilisha huchelewesha gia ya juu mpaka injini ipate joto. Huo si ugonjwa. Kadhalika injini kuzunguka kwa kasi kidogo mara inapowashwa, kisha kutulia, ni kawaida.

Kupima hatua kwa hatua

Uchunguzi wa kweli hufanywa baada ya gari kulala usiku kucha, kwa kuwa injini iliyokwisha kupata joto huficha siri zake.

Kwanza, stata isikilizwe. Ikizunguka kwa uvivu, zitazamwe betri na vichwa vya nyaya zake, na namba ya oili ilinganishwe na ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Oili nzito kupita kiasi huielemea injini baridi.

Pili, moshi utazamwe. Mvuke mweupe unaotoweka upesi ni maji tu. Moshi mweusi wenye harufu ya petroli ni dalili ya mafuta kuzidi. Aghalabu choki imekwama ikiwa imefungwa, au chujio la hewa limeziba. Moshi wa buluu ni oili inayoungua.

Tatu, katika gari la kabureta, choki ivutwe kidogo injini inaposita. Ikipata nguvu papo hapo, ilikuwa na njaa ya mafuta. Hapo ichunguzwe choki yenyewe, na pia mipira ya hewa iliyopasuka. Ufa mdogo huingiza hewa ya wizi wakati wa baridi, na pengine huziba vyuma vinapopanuka kwa joto.

Nne, katika gari la kompyuta, fundi mwenye chombo cha kusomea akiunganishe alfajiri, kabla ya injini kuwashwa. Joto la maji linaloonyeshwa lapasa kukaribiana na joto la hewa ya nje. Likisomeka 80 ilhali gari limelala kwenye baridi, mwongo ni kihisio au waya zake.

Tano, mshale wa joto utazamwe njiani. Usipopanda hata baada ya mwendo mrefu, thamostati huenda imekwama wazi. Injini hiyo haitoki kamwe katika hali ya asubuhi, na hula mafuta mengi.

Magari ya dizeli

Dizeli haina plagi za cheche. Huwashwa na joto la hewa iliyoshindiliwa. Nyingi husaidiwa na plagi za kupasha joto, na dereva hana budi kungoja taa yake izimike kabla ya kupiga stata. Gari likitetemeka alfajiri na kutoa moshi mweupe wenye harufu kali, kisha likatulia baada ya dakika chache, plagi hizo zipimwe moja moja. Moja iliyokufa yatosha kuleta taabu yote hiyo.

Tahadhari

Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu. Kifuniko cha radieta kisifunguliwe maji yakiwa ya moto. Wala si lazima injini ingurume robo saa nzima kabla ya safari. Kwa magari mengi ya petroli ya kisasa, nusu dakika hadi dakika moja yatosha, kisha mwendo wa taratibu mpaka mshale upande.

Mwenye gari na aandike alichoona: uzito ulianza lini, ulidumu dakika ngapi, moshi ulikuwa wa rangi gani, na joto lilipofika ulitoweka au ulizidi. Karatasi hiyo moja, ikikabidhiwa kwa fundi mwaminifu, itaokoa fedha za nyumbani, na itasaidia gari kuwa tayari saa ambayo haina simile.