Kipepeo wa Buluu na Sisimizi: Kutazama Uumbaji kwa Makini

Mwezi Juni, majira ya kiangazi yanapoanza nchini Uingereza, watu wengi hutoka kutembea mashambani, na miongoni mwao wamo wanaokwenda kuwatazama vipepeo na wadudu wengine. Katika kilima cha Collard Hill, huko Somerset, hutafutwa hasa kipepeo mkubwa wa buluu, ambaye wataalamu humwita Phengaris arion. Anayebahatika kumwona anatazama kiumbe aliyekuwa ametoweka kabisa nchini humo mwaka 1979.

Je, alitowekaje? Kwa muda mrefu lawama ziliwaangukia watu waliowanasa vipepeo ili kuwahifadhi makabatini. Kukawa na mahali palipozungushiwa ua ili kuwazuia watu hao. Hata hivyo, vipepeo walitoweka ndani ya ua huo huo. Katika miaka ya 1970, mwanasayansi Jeremy Thomas aliwachunguza kwa uvumilivu mkubwa, akatambua kwamba uhai wa kipepeo huyu umefungamana na ule wa sisimizi.

Kipepeo jike hutaga mayai kwenye maua ya mmea mdogo utambaao, wenye harufu nzuri, wa jamii ya mnanaa. Kiwavi hula maua hayo kwa wiki chache, kisha hujiangusha chini. Hapo hutoa majimaji matamu, na sisimizi mwekundu, akimdhania kuwa mtoto wa kundi lake, humbeba hadi shimoni. Humo kiwavi hukaa takriban miezi 10, akila mabuu ya wenyeji wake, hadi atokapo akiwa kipepeo.

Aina moja ya sisimizi ndiyo inayomfaa zaidi, nayo huhitaji udongo wenye joto, penye nyasi fupi sana. Katika miaka ya 1950, ugonjwa uliwaangamiza sungura wengi, na malisho mengi ya vilimani yaliachwa bila mifugo. Nyasi zikarefuka, udongo ukapoa, sisimizi wakapungua, na kipepeo akatoweka. Ule ua nao, uliojengwa kwa nia njema, ulikuwa umewazuia wanyama waliozifupisha nyasi.

Baada ya ukweli huo kufahamika, mifugo ilirudishwa malishoni, na katika miaka ya 1980 vipepeo wa aina hiyo waliletwa kutoka Uswidi. Leo wanaruka tena.

Katika Waraka wake wa “Laudato si’” wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba viumbe vyote vimeunganika, hata wadudu wadogo tusiowajali. Historia ya kipepeo huyu inaonesha kuwa nia njema pekee haitoshi. Upendo wa kweli hutafuta kwanza kumfahamu yule unayetaka kumlinda.

Kwa hiyo, unapotoka na watoto au na wanajumuiya kutazama wadudu, usiwe na haraka. Chagua saa yenye jua, fuata njia iliyopo ili usikanyage mimea, wala usimnase kipepeo. Angalia ametua juu ya mmea gani, na chini ya mmea huo wanapita wadudu gani. Kivuli chako kisimwangukie, naye atakaa. Ukimtazama hivyo, utaona pia wale wanaomwezesha kuishi.