Bei ya Nyumba Huanzia Ardhini

Nyumba zikipanda bei, lawama huangukia saruji na nondo. Lakini mfuko wa saruji bei yake inakaribiana Mbagala na Masaki, jijini Dar es Salaam. Kinachozitenganisha nyumba mbili zenye ramani moja ni kiwanja.

Singapore, kisiwa kidogo kuliko Unguja chenye watu karibu milioni 6, ililielewa hilo mapema. Mei 1961 moto uliteketeza mtaa wa Bukit Ho Swee, vibanda vya mbao na makuti vilivyobanana, na watu wapatao 16,000 wakakosa pa kulala. Serikali ilitwaa eneo hilo, na shirika lake la nyumba, HDB, lililokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, likaanza kupandisha maghorofa palepale. Sheria ya utwaaji ardhi ya 1966 ikaipa serikali nguvu zaidi, na marekebisho ya 1973 yakafunga fidia isivuke bei ya Novemba mwaka huo. Aliyekuwa amekalia pori akisubiri barabara impandishie thamani hakuambulia ongezeko hilo. Wenye ardhi waliumia, wakiwemo wakulima wadogo, na hilo tusilifiche; fidia ya bei ya soko ilirudi 2007.

Kwa ardhi hiyo, leo takriban wakazi wanane kati ya kumi wanaishi katika nyumba za HDB, wengi wakiwa wamezinunua. Tangu 1968 mnunuzi anaruhusiwa kulipia nyumba kwa akiba yake ya uzeeni inayokatwa kwenye mshahara. Anachopata ni miaka 99, si milki ya milele: muda ukiisha, nyumba inarudi serikalini bila fidia. Ndiyo maana wanunuzi wa nyumba kuukuu huko siku hizi wanahesabu miaka iliyobaki.

Hapa Tanzania miaka 99 si migeni kwetu. Imo kwenye hati zetu, kwa kuwa ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Ila sheria yetu ya ardhi ya 1999 inadai fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na naitetea. Kwa hiyo njia iliyobaki ni kuwahi: halmashauri inunue na kupima viwanja kabla lami haijafika, bei ikiwa bado ya shamba. Madalali wanafanya hivyo kila siku.