Tiketi ya Bure, Nani Ailipa?

Jumapili moja baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja wa kigango chetu alinijia ofisini, simu mkononi na furaha usoni.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele na milele, amina. Karibu, Mama."

"Mwanangu karani, nisomee habari hii vizuri. Kijana wangu atakuja Noeli, na tiketi atapewa bure!"

Kijana huyo yuko Minneapolis, Marekani, afanya kazi ya kutunza wazee. Alikuwa ameandika ya kwamba aweza kuchagua kadi moja kati ya mbili. Ya kwanza humpa alama kwa kila anachonunua, na alama zikiwa nyingi hubadilishwa kuwa tiketi ya ndege. Ya pili humrudishia fedha kidogo. Aliomba shauri la wazazi, na mama alikuwa amekwisha chagua: tiketi!

Kwa kuwa siku hizi nyumba nyingi za vijijini zina mtoto ng'ambo, nimeona yafaa kuwaandikia wasomaji yale tuliyoyajua siku ile.

KADI HII NI KITU GANI?

Kadi ya namna hii si akiba, ni mkopo. Mtu anunua leo kwa fedha ya benki, na kila mwezi aletewa hesabu. Akilipa yote kwa tarehe iliyowekwa, haongezi hata senti juu ya bei ya vitu alivyonunua. Akilipa nusu, ile nusu iliyobaki yaanza kuzaa riba.

Mambo hayo yalianza kuvuma New York katika 1950, ilipotolewa kadi ya Diners Club ya kulipia chakula hotelini. Zawadi zilikuja baadaye. Katika 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianza kuwahesabia abiria wake maili walizosafiri, na katika 1987 maili hizo zikaunganishwa na kadi ya benki. Katika 1986 kampuni ya Sears nayo ilieneza Marekani kadi ya Discover, iliyomrudishia mnunuzi sehemu ndogo ya fedha yake.

Je, zawadi hizo zatoka wapi? Sehemu yatoka kwa mwenye duka, ambaye hukatwa kiasi fulani kila kadi itumikapo kwake, naye mara nyingi hukitia katika bei. Sehemu yatoka katika riba ya wale wasioweza kumaliza deni. Yaani mnyonge aliyechelewa amsaidia nauli mwenye nafasi aliyelipa mapema. Tiketi hiyo yaitwa ya bure, lakini yuko mtu aliyeilipa.

TUKAFANYA HESABU

Bwana wetu alitufundisha ya kwamba mwenye kutaka kujenga mnara hana budi kuhesabu gharama kwanza. Basi nikachukua karatasi na kalamu.

Tuseme kijana atumia dola 800 kwa mwezi kwa chakula na mafuta ya gari. Kwa mwaka ni dola 9,600. Kadi irudishayo asilimia 2, isiyo na ada ya mwaka, itampa dola 192. Kadi ya safari, ikitoa alama moja kwa kila dola, na alama ikiwa na thamani ya senti moja, itampa alama zenye thamani ya dola 96. Lakini nyingi za kadi hizo hutoza ada ya mwaka. Ada ikiwa dola 95, kijana amebakiwa na dola moja.

Haki isemwe. Ziko kadi za safari zinazotoa alama mbili au tatu kwa chakula na nauli, na nyingi hutoa zawadi kubwa ya mwanzo. Tena nyingi hazitozi ile ada ya kama asilimia 3 ambayo kadi nyingine hutoza zikitumiwa nje ya Marekani. Mtu asafiriye mara kwa mara, na alipaye deni lote kila mwezi, zaweza kumfaa kuliko fedha.

Lakini zawadi ya mwanzo ina sharti: mara nyingi mtu hutakiwa kutumia maelfu ya dola katika miezi michache. Ni rahisi hapo kununua asivyohitaji kwa kuwinda tiketi. Tena alama si fedha. Kampuni yaweza kupunguza thamani yake, na siku za Noeli viti vya alama huwa haba. Fedha yalipa karo, yanunua dawa, na tiketi pia yanunua. Wazee walisema, heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.

SWALI LILILO KUU

Nikampigia kijana simu, mama akisikia. "Ndugu yangu, je, kadi uliyo nayo sasa ina deni?"

Akanyamaza kidogo. "Nadaiwa dola 2,000."

"Za nini?"

"Karo ya mdogo wangu, na bati za nyumba. Mama aliponiomba sikuwa na kitu, nikatoa fedha kwa kadi katika mashine."

Mama akaketi. Hakujua. Sisi huku twadhani mtoto aliye Marekani achota fedha kisimani.

Kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo ni njia ya ghali: ada hutozwa papo hapo, riba huanza siku ile ile, wala zawadi hakuna. Katika 2024 wastani wa riba ya kadi Marekani ulikuwa zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Dola 2,000 zikikaa mwaka mzima zazaa riba ipatayo dola 400 na zaidi. Dola 192 za zawadi zafaa nini hapo? Kukopa harusi, kulipa matanga.

Basi shauri ni hili. Mwenye deni asichague zawadi yoyote kwanza, bali alipe deni. Asiye na deni, ambaye huja nyumbani mara moja kwa miaka kadhaa, achukue kadi ya kurudishiwa fedha isiyo na ada. Asafiriye sana ndiye apime kadi ya safari, kwa kalamu. Nasi wazazi, kabla ya kuomba, tuulize: "Mwanangu, unacho, au utakopa?"

Mama alichukua simu. "Mwanangu, Noeli hii usije. Lipa kwanza. Karo ya mdogo wako, baba yako nami tutaitafuta kwa ndizi na maziwa."

Kijana hakujibu upesi. Kisha tukamsikia akisema, "Asante, Mama," kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.